Mbuzi Kumi na Tatu

Niliitwa Bukavu kwa sababu ya Kiswahili changu. Masista walionifundisha ualimu Tabora walikuwa na wenzao wa shirika lilelile upande wa Kongo ya Wabelgiji, na hao walikuwa wamefungua darasa jipya la wasichana bila mwalimu wa kulishika. Barua yao ilisema wanataka mtu mwenye Kiswahili safi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba hakupenda niende. Mama alimwambia kwamba watu wa Kongo wanasema lugha yetu, kwa hiyo nitakuwa kama niliyehamia kwa shangazi.

Nilivuka ziwa kwa meli kutoka Kigoma, na Uvira nikapanda lori. Tulipita bonde la Ruzizi, tukapita mashamba ya mpunga ya Luberizi katika joto kama la kwetu, kisha lori likaanza kupanda milima, na kila kona ikawa na baridi zaidi kuliko iliyotangulia. Nilifika nimejifunga khanga zangu zote mabegani, na bado nilitetemeka. Masere, kama walivyoitwa masista kule, walinipatia sweta ya mmoja wao na chumba kwa mama mmoja mjane, wa kabila la Washi kutoka Kabare, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Kadutu, mwendo mfupi kutoka shuleni.

Lugha ilikuwa yetu kweli, lakini ilikuwa kama nyumba ya ndugu ambamo hujui chumvi inawekwa wapi. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama kaka yangu ana bibi, nikamjibu kwamba bibi yetu alifariki zamani. Akampa pole kaka yangu kwa kufiwa na mke, maana kwao bibi ni mke. Shuleni niliwafundisha wasichana kuniamkia shikamoo. Wakaitamka kwa pamoja kila asubuhi, thelathini na wanane, wakiwa wima kama askari, mpaka mzazi mmoja akaja kuuliza kwa upole kama hiyo ni sala ya Waislamu.

Mambo kama hayo yalinichekesha. Sikuyachukulia kama jambo la kujifunza. Niliyahesabu kuwa makosa yao, nami nililetwa kuyanyoosha. Aliyesema “mutoto” nilimrudisha aseme “mtoto” mara tatu. Aliyesema “iko muzuri” nilimsimamisha. Masere mkubwa, mkuu wa shule, alipita dirishani, akasikia, akaridhika.

Wiki ya sita niliandika hesabu ubaoni: Baba ana mbuzi kumi. Ameuza watatu. Sasa ana mbuzi wangapi?

Nilikuwa nimeiweka rahisi makusudi, ili wale waliochelewa wapate moyo. Nilipopita katikati ya madawati nikaona kwenye kibao cha kwanza 13. Nikaona 13 kwenye cha pili. Safu nzima ya mbele ilikuwa na 13, na safu ya nyuma vilevile. Niliona wamepatana kunifanyia mzaha.

Nikamwita yule niliyemtegemea. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na moja hivi, wa kabila la Warega. Baba yake alitoka Mwenga kuja kufanya kazi ya uashi kwenye majumba ya Wazungu mtaa wa Ibanda. Huyu hakuwa mtoto wa mzaha. Nilimwambia aje mbele anieleze, na akaja bila wasiwasi, akapanga maharage kumi juu ya meza yangu, yale tuliyotumia kuhesabia.

“Baba alikuwa na mbuzi kumi,” akasema. Akachukua maharage mengine matatu, akayaweka kando ya yale kumi. “Ameuza tatu. Iko kumi na tatu.”

Nilimwambia arudie. Akarudia, na safari hii akanitazama usoni, kama mtu anayemfafanulia mgeni njia. Mtazamo ule ndio ulionitia hasira. Nilimwambia ni mjinga, na kwamba hata mtoto wa kubebwa mgongoni anajua kuuza ni kupunguza. Nikamtoa nje akapige magoti uwanjani mpaka mapumziko. Kulikuwa na manyunyu. Nilimwona kupitia dirisha, mgongo umenyooka, maji yakimtiririka shingoni, na sikumwita ndani.

Kesho yake hakuja. Siku ya pili pia hakuja. Darasa lilikuwa kimya kuliko kawaida. Nikiuliza swali, macho yote yanashuka, na mimi nikajiambia kwamba hatimaye wamepata adabu.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Nilirudi nyumbani mchana nikamkuta mama mwenye nyumba anatoka na kikapu kichwani. Aliniambia anaenda kuuza mchele. Siku nyingi alikuwa ananiambia anaenda kuuza makaa, kuuza chumvi, kuuza mafuta, na mimi moyoni nilikuwa nimeshamfanya mchuuzi hodari. Nilikaa kibarazani nikisahihisha madaftari. Baada ya muda akarudi na kikapu kimejaa mchele wa Luberizi.

Nilimpa pole kwamba hakupata mnunuzi. Akasimama.

“Mununuzi ya nini?”

“Wa mchele. Si ulikwenda kuuza?”

“Njo nimeuza. Si huu hapa?” Njo yao ndiyo ndio yetu.

Tulitazamana. Akaweka kikapu chini, akakaa karibu yangu, na kwa subira ambayo mimi sikuwahi kumpa mtoto yeyote tangu nifike, akanieleza. “Kuuza, unatoka bila kitu, unarudia na kitu. Kama unatoka na kitu, unarudia bila kitu, ile njo kuuzisha. Kwenu hamuna kuuzisha?”

Niliona maharage kumi mezani na matatu kando yake. Niliona vibao vyote thelathini na vinane. Kila mmoja alikuwa amejibu sawasawa swali nililouliza. Baba ana mbuzi kumi, amenunua watatu. Mtu pekee aliyekosea darasani alikuwa ameshika chaki.

Nilikwenda kwa masere mkubwa siku hiyohiyo. Alikuwa mama wa haki, sipendi kumsema vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nibadilishe hesabu, nimpokee mtoto akirudi, na yaishe. Kwenda nyumbani kwao aliona si vizuri. Mwalimu akienda kumwomba mtoto msamaha, alisema, wiki ijayo wazazi wote watakuja kudai waombwe msamaha pia. Nikamwambia nimesikia. Jumamosi mapema nikaenda.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa Kadutu, mahali ambapo njia ilikuwa utelezi mtupu na mtu alipanda akishika migomba ya wenyewe. Njiani nilijiandaa kwa matusi. Nilimkuta baba yake amekaa juu ya kigoda anafunga mkeka kwa kamba. Kando yake kulikuwa na kifurushi cha nguo na ndoo ndogo ya bati. Alinyanyuka, akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama, kofia mkononi.

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alianza yeye kuniomba radhi. Alisema mtoto alimweleza yote, nao kama wazazi walihuzunika kwamba wamenisumbua. Lori la Mwenga lingeondoka saa sita, na msichana angekwenda kukaa na nyanya yake, ajifunze kulima. Nilimuuliza kwa nini.

“Mimi sikusoma, mwalimu,” akasema. “Nilifikiri huyu iko na akili. Lakini mwalimu mwenyewe amesema ni mujinga, mbele ya benzake. Mwalimu njo anajua. Nitasema nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayegombana nami. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyeniamini. Kwetu chuoni neno mjinga tulirushiana kama maganda ya ndizi. Huyu alilipokea kama cheti, akalitii, na kwa neno hilo akawa anamwondoa mtoto wake mjini.

Nikamweleza. Nilijikwaa, maana nilijaribu kulisema jambo lile kwa Kiswahili chao na sikukijua. Nikatumia vidole, mbuzi wakiingia, mbuzi wakitoka. Alinisikiliza, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

“Basi mutoto hakukosa.”

“Hakukosa, baba. Niliyekosa ni mimi.”

“Umeniambia mimi,” akasema. “Mimi sikupiga magoti. Sema mbele yake.”

Akamwita. Alitoka nyuma ya nyumba na mama yake, amevaa gauni la safari, miguu imepakwa mafuta. Nikasimama. Nilimwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, kwamba mimi ndiye sikujua neno, na kwamba nilimwita mjinga bila haki na ninamwomba anisamehe. Alitazama ndoo. Mama yake akamgusa begani, naye mtoto akasema, “Ndiyo, mwalimu.” Ni hayo tu. Baba akafungua mkeka.

Jumatatu alikuwa kwenye dawati lake. Niliandika hesabu ileile ubaoni, nikaliambia darasa zima lilivyokuwa, na nikawauliza wao: mbuzi akitoka zizini kwenda kwa mtu mwingine, mnasemaje? Wakajibu kwa pamoja kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwao, hata masere akachungulia mlangoni. Tangu hapo nilikuwa na daftari langu, nikawa naandika upande mmoja neno langu na upande wa pili lao. Masere mkubwa alilifahamu jambo hilo, na halikumpendeza. Wazazi aliowahofia hawakuja.

Nilikaa miaka mitatu. Watu huniuliza kuhusu yule msichana, wakitarajia niseme tulikuwa marafiki. Hatukuwa. Alirudi, akafanya kazi zake zote, akapita kila mtihani. Nikimuuliza, alijibu. Lakini katika darasa langu hakunyoosha mkono tena hata mara moja. Kwa mwalimu wa kushona, nilisikia kupitia ukuta, alikuwa msemaji na mcheshi. Mwanzo niliumia, na nikajaribu kumvuta kwa sifa na kwa kazi ndogondogo za heshima, kufuta ubao, kugawa vitabu. Alizifanya vizuri. Baadaye niliacha kumvuta. Niliona kwamba nilikuwa namwomba kitu kingine zaidi, anisaidie kusahau, na hiyo haikuwa kazi ya mtoto.

Siku niliyoondoka wasichana waliimba uwanjani. Alikuwa safu ya pili, amerefuka sasa, akiimba maneno yote kama wenzake, macho yake kwa mwenye kuongoza wimbo.