Springi za Gari ya Baba Ziko Katito

Leo nimepata springi za nyuma za gari ya marehemu baba, na nimeziacha hapo hapo.

Mnajua ile gari yake ya sports ya Kiingereza imelala hapa kwangu Milimani, kila mtu ananiambia niiuze skrapu? SIUZI.

Fundi amenituma Katito. Springi kweli zipo, zimetoka kwa gari kama yangu. Lakini ziko chini ya mkokoteni wa punda, zinabeba mitungi ya maji!

Nikamwambia mwenye mkokoteni, "Mama, niuzie hizo springi."

Akacheka. "Gari yako inatembea?"

"Bado."

"Hii inatembea. Na ni ya marehemu baba. Siuzi."

Sasa hapo ningebishana na nani?

Mwenye springi zingine anitafute. Watu wa skrapu, msinipigie.