Vichwa vya Sato wa Mwamapalala

Baba hakuwahi kula samaki kwa hiari. Kwake kitoweo kilikuwa na miguu minne. Lakini soko huria lilipofika Kasoli, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, chama cha ushirika kikafunga ghala, na baba, mkaguzi wa pamba aliyewatia wakulima jasho kwa kuita mzigo wao fifi, pamba ya daraja la chini, akabaki nyumbani akimkagua mama anavyochagua mchele. Mama akaniomba nimtafutie mzee kazi, yoyote ile, kabla hajamtia wazimu.

Wakati huo nilikuwa kwenye kituo cha utafiti wa samaki upande wa Kalemela. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vya sikio vinavyokua pamoja naye maisha yote, tabaka juu ya tabaka. Kwenye nchi za baridi kali unahesabu tabaka na kuujua umri. Huku kwetu tabaka zinadanganya, kwa hiyo tulipima chembe za madini zilizonasa humo, zinazopanda na kushuka kwa kufuata masika na kiangazi. Ili tujue kama kipimo kinasema kweli, tulihitaji samaki ambao umri wao hauna ubishi. Tukawalowesha vifaranga wa sato kwenye maji yenye strontiamu, madini yanayoacha alama ndani ya kijiwe, nami nikawapeleka kwenye lambo la baba awatunze.

Aliwatunza kama ng'ombe. Sisemi kwa mfano. Msukuma mwenye akili haweki mifugo yote zizi moja; huigawa kwa marafiki, ili ugonjwa ukiingia huku, kule ibaki. Bila kuniuliza, baba alihesabu nusu ya vifaranga, akawatia kwenye madumu na kuwapeleka Mwamapalala kwa rafiki yake, mtu waliyechunga naye ndama utotoni. Niliposikia nilikasirika kweli. Baba akanishangaa, akaniuliza chuoni nilifundishwa nini.

Kiangazi kilichofuata lambo letu lilikauka, na ndege wakala walichokikuta. Utafiti wangu wote ukabaki Mwamapalala. Kisha maji ya kule nayo yakageuka tope, sato wakafa.

Sasa, ng'ombe wa mwenzio akikufia, unampelekea ngozi ajue hukumuuza. Sato hana ngozi ya maana. Yule mzee rafiki wa baba akakata vichwa, akavitia chumvi, akavianika, akavileta Kasoli kwa baiskeli.

Baba akavikagua kimoja kimoja, sura yake ile ile ya ghalani.

“Ngozi ya ng'ombe wangu naijua kwa baka lake,” akasema. “Vichwa kama hivi hata mnadani Bariadi vipo. Wewe samaki umewala.”

“Mwanao alisema alama iko ndani,” mzee akajibu. “Apime.”

Akaondoka bila kuaga. Baba akakataza asitajwe nyumbani. Mama alilia, kwa sababu mke wa yule mzee ndiye aliyempokea siku alipoletwa kuolewa, na sasa hawakuweza hata kusalimiana sokoni. Mimi nilitoa vijiwe, nikavipeleka kituoni, na kituo kikavituma ng'ambo kwenye mashine. Mashine haikuwa na haraka. Mavuno yalipita, wazee wawili wakiwa hawazungumzi kwa ajili ya sato.

Majibu yalipokuja nilimfuata baba uani. Nikamwambia vijiwe vyote vina alama, isipokuwa vya kichwa kimoja. Hicho hakikuwa cha samaki wetu.

“Kimoja tu?”

“Kimoja.”

Asubuhi akaniamuru tuondoke, tukaenda Mwamapalala.

Mzee alikuwa akirekebisha jembe la ng'ombe. Baba akamwamkia, “Mwangaluka.” Akaitikia bila kuinua macho.

“Mtoto amepima,” baba akasema. “Vichwa vyote vina alama.”

Nilifungua mdomo. Baba akanitazama, nikaufunga.

“Vyote?”

“Vyote. Nimekukosea, ndugu yangu.”

Mzee akaweka nyundo chini. Akamshika baba mkono, asiuachie.

“Mmoja alibebwa na ndege,” akasema. “Niliona haya hesabu isitimie. Kichwa chake nilinunua.”

“Najua,” baba akasema.