Paka Karani na Joto la Kokoa

Watu wasiolima kokoa wanadhani kokoa inanukia chokoleti. Mgeni akifika kwetu Kyela wakati wa kuvundika mbegu, akasogeza pua kwenye sanduku lake, hurudi nyuma macho yakimtoka machozi, nasi tunacheka. Siku za mwanzo, mbegu zikiwa bado na ute wake mweupe, harufu ni tamu, karibu na ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kisha inageuka kuwa ya pombe, na baadaye inakuwa kali kama siki, inapanda mpaka kwenye paji la uso. Hukaa kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye shuka, na shuleni walimu walijua kwa kunusa tu nani katokea nyumba yenye kokoa. Mimi niliipenda harufu hiyo. Niliipenda mpaka ule mwisho wa masika nilipokuwa darasa la nne, paka wetu alipougua.

Paka mwenyewe tulimwita Karani. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alizoea kukaa juu ya magunia ya mpunga akimkazia macho kila anayeingia ghalani, kana kwamba ukichukua debe bila kumuaga atakuitia mgambo. Alikuwa jike la rangi ya majivu, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Tumbo lilikwisha kuwa kubwa pale alipokula panya aliyelishwa sumu. Jirani alikuwa ametega sumu ghalani kwake, na panya hajui mpaka kati ya nyumba na nyumba. Tulimkuta Karani asubuhi nyuma ya jiko, amelala ubavu, povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Mama alisaga mkaa, akaukoroga kwenye maji, akamnywesha kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, huku mimi nimemshika kichwa nikilia. Kabla jua halijawa kali Karani akazaa, kabla ya wakati wake, watoto watatu wenye ngozi nyembamba iliyokaribia kuonyesha yaliyomo ndani. Hata kuwalamba hakuweza. Alilaza kichwa chini, macho yako wazi lakini hayaangalii kitu.

Mama hakuwa mtu wa kubembeleza wanyama. Paka kwake alikuwa mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na ujira wake panya. Nilidhani atawafunga wale watoto kwenye jani la mgomba na kwenda kuwatupa. Badala yake aliketi pale pale kwenye tope, akamweka mmoja kiganjani, akamtazama kwa muda. "Hawa ni njiti," akasema. "Hata wewe ulikuwa hivi hivi." Sikuwa nimewahi kuambiwa. Ndipo akanieleza, mikono yake ikiendelea kuwafuta, kwamba nilizaliwa kabla ya siku zangu, na nesi akamfundisha kunifunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. "Aliniambia maziwa yana umuhimu, lakini joto kwanza. Joto ndilo lililokuponya, Tumpe. Na hawa tutawaponya."

Lakini joto la kutoka wapi, mvua ikinyesha vile? Kuni zilikuwa mbichi na jiko lilijaa moshi wa kumziba pumzi hata mtu mzima. Mama akageuka kutazama banda la kokoa. Kila anayevundika anajua lile joto: ukiingiza mkono chini ya magunia unakuta mbegu zinachemka zenyewe bila moto. Alichukua chungu chetu cha udongo kutoka Lyulilo, kilichomeguka mdomo, akatandika vipande vya kitenge ndani, akakikalisha juu ya sanduku, magunia na majani ya mgomba yakiwa katikati. Akaingiza kiwiko kupima, kama anavyopima maji ya kuogeshea mtoto, akaongeza gunia moja, akapima tena. Baba aliporudi kutoka shambani akasimama mlangoni mwa banda. "Sasa mwaka huu tunavundika na paka?" akauliza. "Ukichelewa kurudi tutakuvundika na wewe," Mama akamjibu, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Karani tulimlaza jikoni juu ya gunia, mbali na watoto, maana Mama aliogopa sumu isije ikapitia kwenye maziwa. Mimi nilitumwa kwa mama Lusajo, jirani yetu mwenye ng'ombe, kuomba maziwa. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana, nikarudi nimekishika kikombe kwa mikono miwili, nisimwage hata tone. Tuliwanyonyesha kwa ncha ya kitambaa. Ilipofika zamu ya kugeuza kokoa, Mama aliinua kwanza chungu, akanipa nikipakate, akageuza mbegu kwa koleo la mti huku mvuke ukimfunika uso, kisha akakirudisha mahali pake. Yule mdogo kuliko wote alikufa mapema, nikamzika kwenye migomba. Wawili waliobaki walipata rangi. Walianza kulia kwa nguvu, wakinyonya kitambaa mpaka wanakivuta, na Mama akawa anawaita wajukuu zake mbele ya watu bila kuona haya. Niliamini tumeshinda. Kila nilipotoka shule nilikimbilia bandani kabla sijavua sare.

Siku moja Karani akasimama. Alikunywa mchuzi wa dagaa wa usipa, akajilamba, akaanza kuzunguka nyumba akiita kwa ile sauti ya chini ambayo paka huwaitia watoto. Chuchu zilikuwa zimejaa. Mama alifurahi kuliko alivyokuwa akifurahi mavuno. "Sumu imekwishatoka," akasema. "Lete wanawe." Nikaleta chungu, tukawaweka wale wawili mbele yake juu ya gunia. Karani akaja mbio. Akainamisha pua, akapiga chafya, akarudi nyuma. Akanusa tena, masikio yamelala, akawakoromea. Kisha akawaruka kama anavyoruka kuni, akaenda kuwatafuta watoto wake. Alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya debe, katikati ya magunia, akiita. Na wale watoto, vipofu bado, walipoisikia sauti yake waliinua vichwa na kutambaa kuifuata.

Mama alimkamata, akamlaza kwa nguvu, akawapeleka watoto kwenye chuchu. Karani akamchana mkono mpaka damu. "Gwe Karani, ni wako hawa!" Mama alimpigia kelele kama mtu anayebishana na mwenzake. "Ni wako! Tazama vizuri!" Damu ilikuwa ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko naye hakuifuta. Sikuwahi kumwona Mama akilia kabla ya hapo. Maziwa ya ng'ombe nayo yalikwisha kuwaharibu matumbo, na wale wawili hawakuchukua muda, wakafa. Karani aliendelea kuita, maziwa yakidondoka sakafuni anapopita, hadi yakamkauka. Majirani walisema sumu ilimpanda kichwani. Mama alisema mnyama huwajua watoto wake ambao hawataishi.

Sasa Mama ni mzee na tunakaa naye Bondeni, mjini, mimi na watoto wangu. Siku hizi duka la dawa za mifugo liko hatua chache kutoka kwetu, na jambo usilolijua unaliuliza kwenye simu huku ugali unaendelea kuiva. Mwaka jana paka wa binti yangu alipozaa, nilisoma humo kwamba paka humjua mwanawe kwa harufu. Ukiwa umemtenga naye, mpanguse kwanza kwa kitambaa alicholalia mama yake ndipo umrudishe. Niliizima simu. Kitambaa kama hicho kilikuwepo, gunia lile pale jikoni, hatua chache tu kutoka bandani. Wanawe walimjia wakinuka kokoa tupu, naye akaenda kuwatafuta.

Mama bado anawasimulia wajukuu habari za Karani, kwa majivuno na kwa majonzi, akiwaonyesha alama ya kucha mkononi. Juzi alipomaliza alinigeukia. "Tumpe, kuna kitu tulichokosa kuwafanyia wale?" Aliuliza kweli, akanisubiri nijibu. Nikamwambia hapana, mama, hakuna, nikasogeza birika nimwongeze chai.