Machibya Aliyeacha Ugali

Habari ililetwa bombani na Nyanjige, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye akijitwisha ndoo miguu husimama na mdomo ndio unaotembea.

"Mama Salu," alisema, "shemeji yako kakatazwa ugali na mganga. Ndiyo dawa yake ya utajiri wa pamba hiyo. Akila hata tonge, mali yote inayeyuka."

"Nani kakuambia, mayu?" Kwandu aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Niambiwe na nani, mimi sina macho? Msukuma mzima, ana magunia ya unga ndani, anatafuna nyama tupu kama fisi. Shingo yenyewe unaiona ilivyobaki? Lile shati siku hizi linatembea peke yake."

Kwandu alicheka. Nyanjige hakucheka. Alisogea karibu, akashusha sauti kwa namna ya mtu anayetaka wote wasikie. "Dawa za namna ile haziishii kwenye ugali, mwanangu. Zinaanza na ugali, zinamalizia na kitu kidogo cha humo humo ndani." Macho yake yakapita juu ya bega la Kwandu, yakatua kwa mtoto Salu aliyelala mgongoni, kisha yakaondoka upesi kama mkono ulioshika chungu cha moto.

Bomba lile lilikuwa na desturi yake. Mpini ulikuwa mgumu, kwa hiyo zamu yako ikifika, aliye nyuma yako anakupokea mtoto mpaka ujaze. Siku ile Kwandu alifungua kanga, akamgeukia aliyemfuata, na yule mama akainama kusafisha ndoo ambayo ilikuwa safi. Aliyefuata baada yake akaanza kukohoa. Kwandu akamrudisha mtoto mgongoni, akasukuma mpini hivyo hivyo, kichwa cha Salu kikigongagonga kwenye uti wa mgongo wake.

Kicheko kikamwisha. Habari ya mganga ilikuwa upuuzi, na yeye alijua kuliko wote, maana ndiye aliyempikia Machibya. Lakini upuuzi ule ulikuwa umemgeuza mwanawe kuwa kitu cha kuogopwa, na mtoto ambaye majirani hawamshiki ni nusu yatima. Yote hayo kwa ajili ya tumbo la mwanamume mmoja.

Machibya alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Mume, Elia, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, akamwacha Kwandu na mtoto katika nyumba ya kaka yake hapo Bariadi mjini, akisema anarudi karibuni. Mke wa Machibya alikaa Bukundi na ng'ombe, na mtu yeyote aliyemjua Machibya hakuhitaji kuuliza kwa nini yule mama alichagua ng'ombe.

Machibya alianza maisha kama karani wa mizani katika chama cha ushirika. Wakati huo alikuwa mwembamba, ana suruali moja na sauti ya kuomba radhi. Kisha soko likafunguliwa, kampuni za watu binafsi zikaingia na malori yao, chama kikabaki na jengo na popo, naye Machibya akawa wakala wa kununua pamba. Misimu haikupita mingi akaota kitambi. Wakulima walikiamkia kitambi kile kabla hawajamwamkia mwenyewe, naye akalijua hilo, akawa anakitanguliza mlangoni.

Elimu yake yote ilikuwa moja: kumgundua mkulima aliyenyunyizia pamba maji ya chumvi ili iwe nzito mizanini. Hapo, kwa kweli, hakuwa na mpinzani. Alitia mkono ndani ya furushi, akanusa, akagusa nyuzi kwa ncha ya ulimi, akasema, "Uzito wa uongo huu, kaanike tena." Basi kwa elimu hiyo ya pamba akaja kuutibu mwili wake.

Maana kitambi nacho kilikuwa kimeanza kumshinda. Magoti yalilia akipanda ngazi, na daktari mmoja wa Mwanza akamwambia kwamba kisukari kimeshafika mlangoni, bado kubisha hodi. Apunguze ugali, wali, mihogo, viazi na soda. Ale samaki, mayai, nyama kiasi, na mboga za majani kwa wingi. Machibya aliyasikia haya kwa jinsi alivyozoea kuwasikia wakulima, yaani alichukua aliyoyataka, mengine akayaacha mlangoni.

"Shemeji," alimwambia Kwandu siku aliyorudi, bado hajavua koti, "kuanzia leo sitaki kuona ugali mezani kwangu. Ule ni wanga."

"Sasa utakula nini, shemeji?"

"Nyama."

"Na mlenda?"

"Mlenda unaliwa na nini? Unataka niunywe mtupu kama bibi asiye na meno?"

Kosa lilianzia hapo, na Kwandu aliliona likianza ingawa hakujua jina lake. Katika nyumba za kule hakuna anayekula majani kwa ajili ya majani. Mlenda, mchicha, na zile nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa kwa ajili ya kiangazi, wote ni wasindikizaji wa ugali. Mchuzi nao kazi yake ni kuchovyewa. Ugali ulipofukuzwa uliondoka na msafara wake mzima, na chumvi iliyokuwa ndani ya mchuzi ikafuata. Sufuria ya mchuzi ilimwagiwa mbwa wa jirani, akanenepa yeye.

Chumvi ya mezani Machibya aliifukuza kwa mkono wake mwenyewe. "Chumvi inashika maji," alieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali. "Pamba yenye chumvi haikauki hata ukiianika juu ya bati. Mimi nataka kukauka."

Na alikauka. Katika ghala la kampuni kulikuwa na mizani ya ndoano, ile ya kuning'inizia mafurushi. Kila asubuhi bwana huyu aliishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia kama mbuzi wa sikukuu, na mlinzi akamsomea mshale. Mshale ulishuka. Machibya akarudi nyumbani akitembea kama aliyeshinda uchaguzi, suruali imefungwa kwa kamba ya katani.

Mboga za majani alizipatia mbadala. Duka jipya la dawa pale sokoni lilimuuzia chupa ya vidonge, nje ina picha ya machungwa. Akaiweka mezani mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. "Mchicha wote umo humu," alisema akiitikisa. "Wenzetu waliacha zamani kutafuna majani."

Wakati huo mwili ulikuwa unasema mambo yake. Akisimama ghafla alishika ukuta kama mtu anayeuliza njia. Kichwa kilimuuma, na hasira zake, ambazo hazikuwa ndogo hata siku za ugali, zikaongezeka. Mashavu ya miguu yalimkaza akiwa amekaa tu kitini, akawa anayapiga ngumi na kuyatukana. Kwandu alimsogezea kikombe cha mchuzi siku moja, wenye chumvi na mafuta juu yake.

"Mchuzi ni wa wazazi na wagonjwa," Machibya alisema.

"Wewe ni yupi hapo, shemeji? Maana miguu hiyo si ya mzima."

"Rudisha jikoni."

Akakirudisha. Lakini baada ya siku ile ya bombani alirudi akiwa na neno zito zaidi. Alilisema amesimama, mtoto kiunoni.

"Watu wanasema umepewa dawa. Wanasema dawa inamtaka Salu. Bombani hawamshiki tena."

Machibya alikuwa anatafuta kipande cha nyama kilichokwama jinoni. "Watu huongea."

"Kula ugali mara moja tu mbele yao, yaishe."

"Niharibu mshale wangu kwa ajili ya Nyanjige?" Alitoa kile kipande, akakitazama, akakila tena. "Na waogope kidogo, kuna ubaya gani? Mkulima akiniogopa haniletei pamba mbichi. Toka maneno hayo yaanze, hata Mwamapalala wananiletea mzigo mkavu."

"Na mtoto?"

"Si umbebe mwenyewe? Wewe ndiye mama yake."

Kwandu alimtazama tu, jinsi mtu anavyomtazama kupe: si kwa hasira, bali kwa kukadiria mahali pa kumshikia.

Hakuhitaji kumshika. Mchana wa siku ya mnada Machibya alikwenda buchani kwa Jilala, mchoma nyama, akaagiza mbavu bila chumvi, akanyoosha mkono kupokea. Shavu la mguu wa kulia likajikunja kama ngumi, la kushoto likalifuata. Akaanguka na mbavu zake vumbini, akimwita mama yake kwa Kisukuma, yeye ambaye tangu apate uwakala alikuwa akikohoa kwa Kiswahili. Mnada mzima ukasogea, kisha mnada mzima ukarudi nyuma. Hakuna aliyemgusa. "Dawa imemgeuka," mtu alisema, na wengine wakatafuta kwa macho mtoto yuko wapi.

Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, na mama yake alikuwa ameshaitwa. Jilala, ambaye kwa kazi yake hakuogopa mnyama aliyelala chini, akamsaidia Kwandu kumtia mgonjwa kwenye mkokoteni. Wakamsukuma mpaka zahanati.

Novatus, tabibu wa zamu, alimpima presha, akarudia, akauliza anakula nini. Machibya akamweleza kwa fahari, amelala chali. Alieleza daktari wa Mwanza, akaeleza nyama, akaeleza chumvi na pamba, akaeleza hata ndoano.

"Kule Mwanza ulikatazwa majani?" Novatus aliuliza.

"Hapana."

"Ulikatazwa mchuzi?"

"Hapana."

"Chumvi ulikatazwa?"

"Hiyo nilifikiri mwenyewe."

"Nimeona," alisema Novatus. Akavuta kiti. "Mzee Machibya, mtu akiacha wanga, mwili unamwaga maji, na maji yakitoka yanabeba chumvi. Kwa hiyo mshale wako ulioshuka mwanzoni, mwingi ni mkojo. Hapo mtu huongeza mchuzi wa chumvi, wewe ukaondoa hata iliyokuwepo. Presha yako iko chini. Ingekuwa juu ningekuambia mengine, lakini iko chini. Kuna madini mengine yanayolegeza misuli isikaze. Hayo yamo kwenye majani, kwenye karanga, kwenye mbegu za maboga. Wewe umewaachia mbuzi."

"Vitamini ninazo. Nameza kila siku."

"Mkojo wako una rangi gani?"

Machibya akatazama dari. "Manjano."

"Manjano ya kawaida?"

"Manjano sana."

"Basi nyingine zinapita tu, umezisindikiza chooni. Ugali endelea kuuacha, sukari yako inakuhitaji uuache. Lakini kula majani kwa sahani, na unywe mchuzi. Ukiona aibu, subiri miguu ikaze, uje tena na mkokoteni."

Kesho yake Kwandu alichemsha mfupa wa ng'ombe, akatia chumvi. Akapika nsansa kwa karanga, na pembeni mlenda mzito wa kuvutika. Kisha akatoa kiti cha mgonjwa, akakiweka mbele ya nyumba, pale njia ya bombani inapopita.

"Kiti kinakwenda wapi?" Machibya aliuliza toka ndani.

"Utakula nje."

"Watu wataniona."

"Ndiyo."

"Shemeji, siwezi kukaa barabarani nikalamba mlenda mtupu. Mimi ni wakala."

"Basi baki ndani. Mimi nachukua mwanangu narudi kwetu Mwamanyili leo hii, nawe utajipikia. Miguu ikikukaza, mwite mlinzi wa mizani aje akukunjue."

Alisema bila kupaza sauti, huku akimpangusa Salu makamasi. Machibya alisubiri aone kama kuna utani. Hakuuona. Akatoka akishika ukuta, akakaa.

Akachota mlenda kwa kijiko, maana mkono ungetaka ugali. Mlenda ukakubali kupanda lakini haukukubali kukatika. Ukavutika toka sahanini mpaka kidevuni, ukaning'inia hapo uking'aa juani. Ndipo Nyanjige akatokea na ndoo yake. Akapunguza mwendo. Akasimama.

"Mwadila, Machibya."

"Mwadila," akajibu, kamba ya mlenda ikitikisika.

"Unakula nini?"

"Dawa."

"Dawa gani yenye karanga?" Nyanjige alisogea, akachungulia sahani, akanusa kikombe. Akatua ndoo. Mabega yalianza kutikisika kabla sauti haijatoka. "Mlenda kwa kijiko. Mama Salu, huyu ndiye aliyetunyima usingizi? Mimi nasema humu ndani kuna joka, kumbe mnafuga kondoo."

"Daktari kamwambia," Kwandu alisema. "Ugali una sukari, miguu inataka majani na chumvi."

"Na alikuwa anakataa?"

"Alikuwa anaona aibu."

Nyanjige akaita wengine. Walikuja na ndoo zao, wakasimama nusu duara, na kila kijiko kilichopanda kilisindikizwa na maoni. Mmoja alimshauri akunje kamba ile kwenye kijiti kama uzi. Mwingine aliuliza kama wakala hapimi mlenda kabla ya kula, usije ukawa umetiwa maji. Machibya alikula macho chini, masikio yamemsimama, na miongoni mwa waliokuwa pale hakuna tena aliyeweza kumwogopa hata angetaka. Huwezi kumcha mtu unayeona mlenda kidevuni mwake.

Katikati ya kicheko Nyanjige alinyoosha mikono bila kufikiri, akamtoa Salu kwa mama yake, akamweka begani. "Mtazame baba yako mkubwa," akamwambia. "Mtazame vizuri, ukikua usifanane naye." Salu akashika hereni yake. Kwandu alibaki na mikono mitupu, akaificha chini ya kanga, akakaa kimya asije akamkumbusha mtu chochote.

Machibya akamwegemea, akanong'ona pembeni ya kijiko.

"Shemeji, nakuomba. Niletee tonge moja la ugali. Sitalila, naapa. Nilishike tu, waone."