Arobaini na Mmoja Chini ya Mstari

Mwalimu Pulchérie alikuwa amechoka tangu mwaka wa tisini na sita, na sasa ulikuwa mwaka wa elfu mbili. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Mara tatu vita vilimtoa mjini Baraka, kando ya ziwa, mara tatu alirudi kwa miguu, na kila aliporudi alikuta mabati ya shule yamepungua. Alifundisha hesabu mwaka wa pili wa sekondari, akiandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, maana chaki zilikwisha zamani. Asubuhi nyingine alikuta chaki yake imeliwa. Hakumgombeza mtu. Angemgombeza nani, na yeye mwenyewe alishaitamani?

Mwaka ule alifundisha asilimia kwa njia ya uwiano. Unapiga mstari: sehemu juu, jumla chini. Upande wa pili unaweka x juu, mia chini. Kisha unazidisha kimsalaba.

"Mama ameanika migebuka makumi mbili na tano," aliwauliza. "Mvua imeharibisha sita. Ni asilimia ngapi?"

Karibu darasa zima liliandika sita juu ya kumi na tisa. Hilo ni kosa la watoto wa ziwani kwetu. Nyumbani samaki aliyeoza hatajwi tena; anatupwa, na mama anahesabu waliobaki tu, ili moyo usimuume. Pulchérie hakushangaa, kwani hata mama yake mzazi alihesabu hivyo.

"Batoto, mvua haipunguze samaki wenye mama alianika," aliwaambia. "Chini ya mustari munaandika bote. Hata bale benye kuoza."

Alilirudia hilo wiki mbili, koo likimkauka, mpaka ile ishirini na nne kwa mia ikaonekana kwenye kila daftari.

Darasa lilianza mwezi wa tisa na watoto arobaini na mmoja. Mwezi wa sita, mtihani ulifanywa na kumi na sita. Wengine walikuwa wamevuka ziwa kwenda kambini Kigoma, wengine walikuwa wanachimba dhahabu Misisi, wengine walikuwa wamezikwa, na wengine hakuna aliyejua. Hao kumi na sita walifaulu wote, na kwa watoto waliosoma wakisikiliza risasi, mimi naona hilo si dogo.

Ndipo akaja Bonaventure, prefe, yaani mkuu wa shule, na karatasi ya ripoti. Hakuwa mtu mbaya. Mkaguzi alikuwa amemwambia kwamba darasa ambalo waliofaulu hawafiki nusu litafungwa, na watoto watapelekwa shule nyingine, mwendo wa saa mbili, kwa njia yenye bariere, kizuizi cha wenye bunduki. Wavulana waliopita pale walibebeshwa mizigo na wengine hawakurudi. Ya wasichana sitaki kuyasema.

"Mama Pulchérie, andika kumi na sita ju ya kumi na sita," prefe alisema. "Mia kwa mia."

"Na bale wengine, Prefe?"

"Andika abandon. Mwenye kuacha masomo yeye mwenyewe hahesabiwe."

"Iyo njo kosa ya batoto bangu, ile ya samaki."

"Najua. Lakini hesabu ya kweli ni thelasini na tisa. Utabapitisha hawa ku bariere kila asubui?"

Kwa uchovu wake ule, Pulchérie aliichukua kalamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu ulikuwa wake peke yake. Aliandika abandon mara ishirini na tano, kwa mwandiko mzuri, akaenda kukaa chini.

Matokeo yalisomwa uani, mbele ya wazazi. Pale shuleni ilikuwa desturi: jina la mtoto likisomwa, mzazi husimama na kujibu, "Ni wetu!" Bamama hupiga vigelegele na kummwagia mtoto poda kichwani. Mwaka ule kopo la poda lilikuwa moja la kugawana, na vigelegele vilitoka vifupi. Pulchérie akayamaliza majina kumi na sita. Prefe akasafisha koo atangaze ile mia kwa mia.

Mama Ayubu akasimama. Alikuwa muuza samaki wa mtaa wa Waislamu kule ziwani, na wote walijua kwamba mwanawe alizama mwezi wa tatu, mtumbwi wao ulipopinduka wakikimbilia rasi ya Ubwari.

"Mwalimu, jina ya mutoto yangu haukusoma."

Pulchérie hakujua kudanganya akitazamwa. "Nilimuandika abandon, mama."

"Ayubu hakuacha masomo," mama yule alisema, bila kupaza sauti. "Yeye alitaka kubakia, afanye mutihani. Ni mi nilimuambia apande mutumbwi."

Aibu ilimshika Pulchérie. Alilitafuta daftari la mahudhurio, lile la mwezi wa tisa, akaanza kusoma wale ishirini na tano. Alisoma Ayubu kwanza. "Ni wetu," alijibu mama yake. Akasoma mwingine, baba mmoja aliyeegemea ukuta akajibu. Kwa waliovuka ziwa walijibu shangazi, kwa wengine jirani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Prefe alisimama na karatasi yake mkononi, na hakumzuia.

Jina la mwisho lilikuwa Fanny. Ukoo wake wote ulikuwa umeteketea nyumbani mwao, siku moja. Pulchérie alilisoma, akangoja. Akalisoma tena. Watu wakatazama chini.

"Ni wetu," alisema prefe.

Kisha akakaa, akaweka karatasi juu ya goti, akaikata kwa kalamu ile mia. Akaandika thelathini na tisa. Mama za wale kumi na sita walimtazama akiandika, wamewashika watoto wao wenye poda, na walijua mwezi wa tisa watoto hao watapita njia gani.