Jina Alilolilia Mwanangu

Kama utacheka, cheka sasa hivi umalize, halafu utulie unisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya, jua halijatua, nikiwa na akili zangu timamu na kisu cha kumenyea viazi mkononi. Marehemu mume wangu aliingia kaburini akisema niliota. Sasa mtu huota akiwa amesimama?

Wakati huo tulikaa kwenye shamba la mzungu upande wa Saboti, si mbali na Kitale. Kwetu ni Bungoma, ila kazi ilikuwa huko juu, na vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Mume wangu, Wekesa, aliendesha mkokoteni wa ng'ombe. Mimi nilifanya kazi jikoni kwa mwenye shamba, mjane mzee tuliyemwita Mama Viazi kwa jinsi alivyopanda viazi mpaka mlangoni. Mbele yake alikuwa Memsabu, bila shaka. Lakini ole wako umwite Mwingereza. "Mimi hapana Mwingereza!" alikuwa akifoka. "Mimi mtu ya Ayalandi!" Tukitoka nje tunacheka. Kwani mzungu si mzungu tu?

Huyo mama alikuwa na donda moja moyoni. Baba yake alizaliwa huko Ayalandi wakati wa njaa kubwa, viazi vilipooza ardhini na watu wakawa wanafia njiani. Walikuwa watoto wanne. Wavulana wawili walikufa nyumbani. Dada yao mkubwa, ambaye mwenyewe alikuwa bado mtoto, alimbeba yule mchanga, ndiye baba yake Memsabu, mgongoni kwenda baharini kwenye meli. Mchanga alipanda meli na mama yake. Dada hakufika. Jina la huyo dada lilipotea naye, kwa maana kila alipoulizwa, mama yao alifunika mdomo na kuanza kulia, mpaka akafa bila kulitaja.

Basi Mama Viazi alikuwa amewaandikia mapadre wa kwao miaka na miaka. Walimpatia majina ya wavulana, wakampatia na la baba yake, lakini msichana hakuonekana popote. Alikuwa amechonga jiwe la kuwakumbuka, liko uani chini ya mkaratusi, lina majina matatu na chini yake nafasi tupu. Siku moja nilimuuliza kwa nini haachi tu, watu wenyewe walishakufa zamani. "Yeye nabeba baba yangu," akasema. "Kama hapana yeye, mimi hapana."

Tangu hapo sikumcheka tena.

Mimi nami nilikuwa na yangu. Kwetu Bukusu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee wanajua kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Nyanya anampakata, anataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Likitajwa lile lenyewe, mtoto ananyamaza, anashika titi, na mambo yamekwisha. Binti yangu wa kwanza alilia tangu siku aliyozaliwa. Mama mkwe alitaja wafu wote wa upande wa Wekesa, akaja kwa wafu wetu, akamaliza, akarudia tena akiongeza mpaka wale waliogombana na ukoo wakahamia Kapsokwony. Wapi! Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hana ugonjwa. Lakini alikuwa anakataa titi, na mapaja yake yalibaki ngozi. Nilikuwa naogopa hata akilala, maana sikujua kama ataamka. Niamini, hakuna woga kama huo.

Alasiri hiyo Memsabu alikuwa ameenda Kitale. Ukungu ulishuka kutoka mlimani mapema, ukafunika mihindi yote. Niko jikoni namenya viazi, mtoto yuko mgongoni analia kile kilio chake chembamba. Ghafla akanyamaza.

Niligeuka. Mlangoni alisimama msichana wa kizungu, umri kama wa miaka kumi hivi, miguu mitupu, amelowa. Amejifunga shali mgongoni jinsi sisi tunavyofunga leso ya kubebea mtoto. Na midomo yake ilikuwa ya kijani. Usidhani ni baridi, ni kijani cha majani, kama ng'ombe ametoka malishoni.

Nilifikiri ni mtoto wa shamba jirani amepotea. Nikamsogezea viazi vya kuchemsha. Hakuvitazama. Akasema, "Maziwa kidogo, ya mtoto."

Usiniulize alisema kwa lugha gani. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Nilimwelewa, basi.

Nikamimina maziwa kwenye kikombe cha bati, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipitisha juu ya bega, akakiinamisha taratibu kwenye ile shali, kama mama anayenywesha. Ndani ya shali hapakuwa na kitu. Nilikuwa karibu, niliona. Ilikuwa imelegea, tupu kabisa. Lakini maziwa yaliisha kikombeni, na sakafuni halikuanguka hata tone.

Nikamuuliza, "We mtoto, jina lako nani?"

Alinijibu. Kisha akamtazama mwanangu begani kwangu, akamtazama kwa muda mrefu, kwa tamaa, jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama chakula cha wengine. Nilijivuta nyuma. Nilipoinua macho, mlangoni palikuwa na ukungu peke yake, na kikombe kiko sakafuni, kikavu. Mtoto akaanza kulia upya.

Nilikimbia mpaka laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Wekesa alikasirika. "Ati mzimu wa kizungu? Si useme tu umechoka, bana!" Lakini mama mkwe alikuwa mtu wa kusikia. Akanyoosha mikono. "Reta huyo mtoto hapa. Arisema jina gani?"

"Nola," nikasema.

Mama mkwe akamwinamia mjukuu wake. "Nola," akaita. "Nola, kama ni wewe, nyamaza." Mtoto alilia mpaka akakaribia kukata pumzi. Tukaita tena na tena. Nola! Nola! Kila tukiita ndivyo anavyozidi, kana kwamba tunamtukana. Wekesa akatoka nje, akaniambia nimeuleta mkosi nyumbani. Nilikaa na mtoto hadi kulipopambazuka, na wakati huo hakuwa na nguvu hata ya kulia. Alikuwa anafungua mdomo tu.

Nikambeba nikaenda nyumba kubwa. Sikugonga. Mama Viazi alikuwa anakunywa chai, nikamwambia yote nimesimama, mbiombio, jinsi nilivyoona.

"Nola?" Alikunja uso. "Hapana jina namna hii kwetu. Wewe nakunywa pombe?"

"Memsabu, alikuwa na shali, tupu mgongoni. Na midomo ilikuwa kijani."

Akaweka kikombe. Aliniambia, kwa maneno yaliyokatikakatika, kwamba watu wa njaa ile walikula nyasi, na baba yake alikuwa akisikia hivyo kwa wakubwa. Mimi sikuwahi kuambiwa na mtu. Ningejuaje?

Akanitaka nirudie jina. Nikarudia. Nola. Akatikisa kichwa. Nola. Halafu nikaona ananitazama mdomo. Alikuwa amekaa na watu wa Bungoma miaka mingi. Alikuwa amesikia tukiita mlango "mrango" na Barasa "Balasa". Wajua ulimi wetu, r na l kwetu zinaazimana nyumba.

"Nora," akasema polepole. Ile r aliizungusha ikasikika.

Mwanangu akageuza kichwa.

"Nora?"

Wallahi, mtoto aliyekuwa anakata roho mikononi mwangu alifunga mdomo, akatafuta titi, akanyonya. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikapiga kelele. Mimi nalia, Mama Viazi analia, ameshika meza. "Mama ya nyanya yangu naitwa Nora," akawa anasema. "Kwetu msichana ya kwanza nachukua jina ya mama ya mama yake. Siku yote! Kwa nini mimi hapana fikiri?"

Jiwe lilichongwa ile nafasi iliyobaki. Mtoto akanenepa. Ungedhani yameisha, sivyo?

Hayakuisha. Mama mkwe aliishi miaka mingi na ulimi ulimshinda kabisa. Alikuwa akimwita "Nola, njoo!" na yule mtoto hatikisiki, anacheza tu, mpaka mwingine aje aite vizuri. Mimi nilijifunza ile r peke yangu mtoni, nikiogopa siku nitakayoteleza. Alipoanza kutembea, Nora alikuwa akisimama ghafla na kujipinda mgongo, kama mtu anayeweka sawa mzigo. Nilikuwa nashika mgongo wake mdogo, hamna kitu. Nilimpenda, nampenda mpaka leo, ila nitakwambia ukweli: zipo siku nilimwonea wivu mtu nisiyemjua, kwa sababu sikujua ni nani kati yetu aliyekuwa mama yake.

Kisha, alipokuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno, nilikuwa napangusa vumbi chumbani kwa Mama Viazi, naye amenifuata. Ukutani palikuwa na picha ya baba wa Memsabu, mzee mnene wa ndevu nyeupe, amekaa kwenye kiti na wajukuu wamemzunguka. Nora alisimama mbele yake. Alimtazama muda mrefu. Akaniomba nimnyanyue, nikamnyanyua, akaweka kiganja juu ya uso wa yule mzee.

"Kumbe mtoto alikua," akasema.

Kwa Kibukusu safi. Halafu akatabasamu, akalaza kichwa begani kwangu, na tangu siku hiyo sikumwona tena akijipinda mgongo.

Sasa wewe unayenisikiliza, nenda kwenu. Kama kuna mtoto katika ukoo wenu aliyepotea, ambaye akitajwa watu wanafunika mdomo, uliza jina lake kabla aliyebaki nalo hajafa. Muulize hata kama atalia. Mwache alie. Yule msichana alikosa wa kumwita kwao, akavuka bahari na miaka yote ile, akaja kusimama mlangoni pa watu wasiomjua, na nusura aondoke na mtoto wangu.