Nilivyovua Kamba Juu ya Ua wa Mkwe

Jamani, kosa ni langu, asilaumiwe fundi wala shetani! Nimenyamaza vya kutosha.

Nilikuwa nikifanya kazi kwenye mashine ya mafuta ya simsim hapa kisiwani Amu. Dohani ya ile injini ikiziba kwa masizi, mmoja wetu hupanda darini, juu ya paa, kuisafisha. Na desturi mnaijua: ukipanda juu unapaza sauti kwanza, ili wanawake wa jirani waingie ndani wajisitiri.

Sasa jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mkwe wangu mtarajiwa! Binti yake nimeshamposa, arusi i karibu, na sura yake sijaiona hata siku moja. Mama alinisifia macho yake tu, moyo ukawa hautulii.

Fundi Athmani akanifunga kamba kiunoni. "Usiivue, na upaze sauti," akaniambia. "Yuu hapo pana utelezi wa mafuta." Nikaitikia kwa adabu zote, mnafiki mimi!

Nilipofika juu sikutoa hata kikohozi. Kamba haikufika upande wa ua, nikaivua! Nikashika dohani kwa mkono mmoja, nikachungulia. Mtu anaanika nguo, amenipa kisogo. Nikajinyoosha kidogo. Tena kidogo.

Mguu ukateleza kwenye mafuta, na hapo ndipo nilipoikumbuka desturi. Nikaita nikiwa hewani: "Hodiii!"

"Karibu!" akajibu mama mkwe kwa mazoea, mara nikatua puu juu ya majamvi yake. "Yallah! Mtu huyu mepita ndia gani?"

Mguu umevunjika, nalia kama mbuzi. Lakini ole wangu, kikoi nilichovaa kilibaki juu, kimenaswa na waya wa dohani, kinapepea!

Yule mwanika nguo akageuka. Kumbe nyanya mtu, bibi yake binti! Binti mwenyewe, nilikuja kuambiwa, alikuwa nyuma ya mlango, ananitazama tangu nilipoanguka.

Baba yake, muungwana wa watu, alikuja hospitali kunijulia hali, tena alikuwa radhi kunisamehe. Akaniletea na salamu za binti: "Mwambieni, yeye hakuniona, lakini mimi nimemuona. Yametosha."

Posa ikavunjika. Nikalia kuliko nilivyolilia mguu.

Nyinyi mnaopanda kutengeneza mitambo ya watu, msivue kamba! Pazeni sauti, na vaeni suruali! Mguu wangu umepona. Lakini kila nikipita mtaa ule, mabuibui yananipita yakicheka, wala sijui ni yupi niliyemkosa.